Kupanga vifaa vya kamera nyuma ya gari la kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hunijia mara nyingi, zaidi kutoka kwa wapiga picha na watu wa video ambao gari ndilo ofisi yao, stoo yao na chumba chao cha kubadilishia lenzi. Nimeyajibu kwa namna ninavyofanya mwenyewe. Pale nilipoharibu, nimesema.

Buti langu limejaa hadi sijui kilichomo. Nianzie wapi?

Anza kwa kulimwaga. Tandika turubai chini, toa kila kitu mpaka ubaki na gari tupu na tairi la akiba, na siku hiyo usirudishe chochote. Wengi hukimbilia kununua masanduku, wanayapanga yakakaa vizuri kama matofali, halafu wakifika kazini wanalazimika kutoa matatu ili walifikie la nne.

Kinachotakiwa kuongoza mpangilio ni zamu ya kutoka. Ikumbuke kazi yako ya mwisho: ulipofungua mlango wa nyuma, mkono ulitafuta nini kwanza? Kwangu huwa ni kitoroli, kisha trepodi na standi, kisha nyaya na mifuko ya mchanga, kisha taa. Kamera hutoka mwisho kabisa, maana hakuna anayependa kuiacha mezani dakika arobaini huku wenzake wanaburuta nyaya. Sasa tazama buti za watu: kamera iko mlangoni, na standi zimefukiwa chini ya kila kitu. Zimepangwa kwa bei, hazikupangwa kwa zamu.

Iandike zamu hiyo kwenye karatasi. Kitu ambacho hakikutoka garini katika kazi zako tano za mwisho kibaki nyumbani, isipokuwa cha dharura. Mimi nilizunguka karibu mwaka mzima na mwavuli mkubwa wa kuakisi mwanga ambao sikuwahi kuufungua, na kila asubuhi nilikuwa nausogeza kando ili nifikie kitu kingine.

Basi kipi kikae wapi?

Kizito kikae sakafuni, kikisukumana na mgongo wa kiti cha nyuma. Chepesi kikae juu: softboksi (zile boksi za kitambaa za kulainisha mwanga), viakisi, makoti ya mvua. Kwenye gari lisilo na ukuta au wavu kati ya abiria na mizigo, usipange kitu kikapita kimo cha mgongo wa kiti.

Kamera na lenzi zina hitaji lao la pekee, nalo ni utulivu. Gari halitikisiki sawa kila mahali. Sehemu iliyo nyuma ya ekseli ya nyuma ndiyo inayorushwa zaidi kwenye matuta, na iliyo kati ya ekseli mbili ndiyo iliyotulia. Kwa hiyo begi la kamera nalipenda liwe sakafuni nyuma tu ya kiti cha mbele, au mwanzo kabisa wa sehemu ya mizigo, mahali panapofikiwa kwa mlango wa pembeni. Hapo halizuiliwi na standi, wala lenyewe halizuii standi. Unaweza pia kuinyakua kamera upige jambo la ghafla barabarani bila kufungua nyuma.

Mifuko ya mchanga inasumbua kidogo, kwa sababu ni mizito na bado inatakiwa mapema. Yangu nimeigawa pande mbili, kushoto na kulia, sakafuni kando ya matao ya matairi. Gari halilali upande mmoja, na kila mfuko unashikika kwa mkono mmoja.

Acha pia sehemu moja tupu, ukubwa wa begi la mgongoni. Jioni mmechoka, mvua imeanza, na kuna kitu kitarudi kimelowa au hakijakunjwa. Kitatupwa hapo.

Droo au masanduku?

Kila anayeona droo nzuri za plaiwudi anazitaka, nami nilizitaka. Pima uzito kwanza. Ubao mmoja mzima wa plaiwudi ya mti wa birch, sentimita 122 kwa 244, wenye unene wa milimita 18, unakaribia kilo 36. Wa milimita 12 ni kama kilo 24. Fremu ya droo mbili inaweza kula ubao mmoja na nusu au miwili, na hujaweka hata kofia ya lenzi. Milimita 12 inatosha kwa kuta za droo ndogo. Ya 18 iachie sehemu ya juu, ile utakayoikalia au kuiwekea taa.

Reli zenyewe ziwe za kuvutika hadi mwisho, la sivyo robo ya nyuma ya droo inageuka kaburi la adapta. Ziwe pia na kufuli pande zote mbili, droo ikiwa imeingia na ikiwa imetoka. Droo yangu ya kwanza haikuwa na kufuli. Niliegesha mteremkoni, pua ya gari ikitazama juu, nikafungua mlango wa nyuma, na kilo thelathini za taa na nyaya zikaja zenyewe kunipokea kwenye mapaja. Kwa bahati nilikuwa nimesimama karibu, kwa hiyo droo haikuwa imeshika kasi.

Masanduku yana faida moja ambayo droo haiwezi kuipata: yanatoka. Unaingia na sanduku la sauti hadi ndani ya ukumbi, unafanya kazi, unarudi nalo. Kwa anayefanya kazi zinazofanana kila siku karibu na gari, droo ni raha. Kwa anayepanda ngazi ghorofa ya tatu na vifaa, droo itamfanya ahamishe vitu mara mbili.

Ushauri wangu ni uishi na masanduku kwa miezi miwili au mitatu. Ukishajua ni yapi hayatoki garini kamwe, hayo ndiyo ya kugeuzwa droo. Na unapopima, anza na upana wa mlango na nafasi iliyo kati ya matao ya matairi. Buti huwa pana ndani kuliko mlangoni, na kuna watu wamejenga fremu nzuri ikakataa kuingia.

Keisi ngumu au begi laini?

Ngumu kwa kinachobaki chini ya vingine au kinachosafiri mbali, laini kwa kinachobebwa begani. Keisi ngumu yenye mpira wa kuzuia maji hubana hewa ndani, ndiyo maana zilizo bora, mfano Pelican, zina vali ndogo ya kusawazisha shinikizo. Ukiifunga keisi isiyo na vali mlimani kisha ukashuka nayo, unaweza kuhangaika nayo kuifungua.

Sponji ya ndani iangalie kwa makini kuliko plastiki ya nje. Ile ya vipande vya kung'oa kwa vidole kwa kawaida ni polyurethane, hunywa unyevu, na baada ya miaka huchakaa ikaanza kumomonyoka au kunata kwenye kifaa. Polyethylene, ile ngumu zaidi yenye vishimo vilivyofungika, hainywi maji na hudumu. Ila usiikate kufuata umbo la kamera uliyonayo leo. Utabadilisha bodi, na tundu litabaki na umbo la kamera uliyoiuza. Vigawanyo vya kubandika na kubandua vinakuokoa hapo.

Naendesha taratibu. Ni lazima kufunga vitu kwa mikanda?

Ni lazima, na hesabu yake si ngumu. Kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa sekunde. Gari likigonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kila kilichomo kinasukumwa mbele kwa nguvu inayokaribia mara 14 ya uzito wake. Keisi ya kilo 10 itasukuma kiti chako kama mzigo wa kilo 140. Standi ya chuma ni mbaya zaidi, kwa kuwa nguvu yote inapita kwenye ncha.

Hata bila ajali, kanuni za Ulaya za kufunga mizigo barabarani zinataka ufungaji uweze kuhimili nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo kuelekea mbele, na asilimia 50 pembeni na nyuma. Ndiyo breki kali na kona za kawaida hizo.

Tumia mikanda ya kukaza kwa rachi, uiunganishe na pete za chuma zilizofungwa kwenye bodi ya gari. Ndoano ya plastiki ya kutundikia mifuko ya sokoni haihesabiki. Kamba za mpira zenye kulabu pia hazishikilii kitu kwenye breki. Kazi yake ni kuzuia makelele tu, na kulabu ikichomoka inaruka usoni. Mkanda upite juu ya kitu kigumu. Ukiukaza juu ya begi laini, begi linajikunja kidogo kidogo njiani, na baada ya saa moja mkanda unaning'inia.

Trepodi na standi ndefu nizifanyeje?

Bomba la plastiki la maji taka, lenye kipenyo cha milimita 110. Likate kufuata urefu wa standi yako, bandika kipande cha zulia ndani lisipige kelele, ziba upande wa mbele kwa kofia yake, kisha lifunge kwenye ukuta wa gari kwa vikamatio vya chuma. Standi mbili au tatu nyembamba zinaingia bomba moja, na unazichomoa kama mishale. Linyanyue kidogo upande wa mlangoni ili zisiteleze kutoka, na weka kizuizi mdomoni: mwendo wa ghafla kwenda mbele unazirudisha nyuma, kioo cha mlango kikiwa hapo hapo.

Standi nzito za chuma zenye miguu mitatu ya ngazi hazikai kwenye bomba. Chagua zile ambazo miguu yake inachomoka, ulaze nguzo upande mmoja na miguu sakafuni.

Trepodi ikae na sahani yake, kile kibamba kinachofungwa chini ya kamera ili ikae juu ya trepodi. Nimesafiri saa mbili na trepodi nzuri huku sahani ikiwa imebaki chini ya kamera nyingine, mezani nyumbani. Tangu siku hiyo kila sahani ya ziada imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa trepodi, na haiendi popote.

Naweza kuacha vifaa garini kwenye jua?

Standi na mifuko ya mchanga, ndiyo. Mengine, hapana. Gari lililofungwa na kuachwa juani hupanda nyuzi 20 hivi za Selsiasi juu ya joto la nje ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea kwenye nusu saa ya kwanza. Kama nje ni nyuzi 32, ndani utakuta zaidi ya 50. Kamera nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 40. Hazitayeyuka, lakini utaiwasha na itakuonya, au itajizima katikati ya hotuba ya mtu. Betri za lithiamu joto huzizeesha, hasa zikiwa zimejaa kabisa.

Kuna jambo dogo wengi hawalijui. Kamera iliyolazwa huku tundu la kuchungulia likitazama jua inaweza kuungua kioo kidogo kilicho ndani yake, kwa sababu lenzi ya tundu hilo hukusanya miale. Geuza kamera, au ifunike kitambaa.

Ukilazimika kuacha vitu kwa muda mfupi, kiboksi cha kuhifadhia baridi hufanya kazi hata bila barafu. Hakiondoi joto, ila hulichelewesha. Barafu usiweke, itakuletea maji.

Na unyevu? Niliona utando mweupe kama buibui ndani ya lenzi.

Hao ni fangasi, na wakishakula kioo alama yao haifutiki. Hustawi hewa ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 60 kwa muda mrefu, gizani, bila mzunguko. Begi lililofungwa ndani ya buti lenye zulia bichi ni shamba lao. Lenga asilimia 40 hadi 50. Kipimo kidogo cha unyevu ndani ya keisi kitakwambia ukweli.

Silika jeli, zile chembechembe za kunyonya unyevu, inasaidia tu kama keisi inabana hewa na kama unaikausha. Ya rangi ya chungwa hugeuka kijani ikishiba, na ukiiweka kwenye oveni ya nyuzi 120 hivi kwa saa mbili tatu inarudi. Pakiti zilezile ulizokuta kwenye boksi la viatu miaka miwili iliyopita zimeshiba zamani.

Ukitoka kwenye gari lenye baridi ya kiyoyozi kuingia hewa ya joto yenye unyevu, acha kamera ndani ya begi lililofungwa hadi ijifikie joto yenyewe. Ukiitoa mara moja, umande unatanda juu ya kioo, na kuufuta hakusaidii kwa kuwa unarudi.

Vumbi linaingia hata milango ikiwa imefungwa. Linapita wapi?

Linavutwa. Gari likiwa kwenye mwendo, hewa iliyo nyuma yake inakuwa na shinikizo dogo, na vumbi lililotimuliwa na matairi linazunguka hapo hapo. Fungua dirisha la nyuma na utalivuta lote ndani. Funga madirisha ya nyuma, washa feni ya hewa kutoka nje (siyo ile ya kuzungusha hewa ya ndani) ili shinikizo la ndani lipande kidogo, na vumbi linasukumwa litoke badala ya kuingia. Kisha kagua mpira wa mlango wa nyuma kwa kufunga karatasi katikati: ikichomoka bila kukwama, hapo ndipo linapopita.

Kamera ikitikiswa inagongagonga ndani. Barabara imeivunja?

Kama ina kitulizaji cha kihisi (kile kipande kinachopokea picha) ndani ya bodi, mlio huo kwa kawaida si tatizo. Kikizimwa, kihisi hulegea. Iwashe, mlio utakoma.

Nachaji vipi betri nikiwa njiani?

Tundu la kiberiti cha gari kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 au 15, yaani wati 120 hadi 180. Hiyo inatosha chaja mbili tatu za betri ndogo za kamera, haitoshi taa wala chaja kubwa za betri za bega, zile kubwa za kamera za video. Invata ya zaidi ya hapo lazima iungwe moja kwa moja kwenye betri, kwa nyaya nene, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Wanaoiweka fyuzi kwenye invata wamelinda invata, ila waya wote unaopita chini ya zulia umebaki bila ulinzi.

Usichaji kwa betri ya kuwashia gari injini ikiwa imezimwa. Betri hiyo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na kuikamua polepole kunaiua. Mwenye kazi nyingi aweke betri ya pili ya lithiamu chuma fosfeti, ichajiwe na alteneta kupitia kifaa cha kati. Ya ampea-saa 100 ina karibu wati-saa 1280. Betri ya bega ya wati-saa 98 ukiichaji kutoka hapo, hesabu na upotevu wa njiani, utapata kama kumi kabla haijaisha.

Chaja ziwe mahali penye hewa. Nimewahi kukuta moja imezama kwenye sponji ikiwa imewashwa, na nilipoigusa nilirudisha mkono haraka. Kizima moto kiwe karibu na dereva au mlango wa pembeni, siyo chini ya mizigo. Betri ya lithiamu iliyoanza kuvimba au kutoa moshi haina mazungumzo: toka, sogea mbali, piga simu. Moto wake unaweza kuzimika na kuwaka tena.

Nitajuaje betri ipi imejaa?

Kofia ikiwa juu ya vituo vya chuma vya betri, imejaa. Bila kofia, imetumika, na inaenda mfuko mwingine ambapo haigusani na chuma. Chagua kanuni moja na usiibadilishe kamwe. Memori kadi zenye picha hazikai garini kabisa. Zinakaa mwilini mwako.

Wizi?

Usibandike stika ya kampuni ya kamera kwenye kioo. Funika kila kitu kwa kitambaa cheusi kisichong'aa. Egesha mlango wa nyuma ukikaribia ukuta kiasi kwamba haufunguki. Panga begi kabla hujafika, kwa sababu anayekuona ukihamisha vifaa kwenye buti pale pale unapoegesha ameshajua kilichomo. Weka orodha ya namba za utambulisho za kila kifaa mahali ambapo si garini, na soma mkataba wako wa bima: mingi haifidii kilichoachwa kwenye gari bila mtu, au hudai kuwe na alama za kuvunjwa. Usiku, vifaa vinalala ndani ya nyumba.

Gari langu linaweza kubeba haya yote?

Soma kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva au kitabu cha gari. Uzito wa juu unaoruhusiwa hujumuisha watu, na watu wanne pamoja na fremu ya plaiwudi wanaumaliza haraka. Ongeza upepo wa matairi ya nyuma kama kitabu kinavyoelekeza ukiwa na mzigo kamili.

Tunatumia gari wawili, na vitu haviishi kupotea. Tufanyeje?

Pigeni picha ya buti likiwa limepangwa sawasawa, iprintini, ibandikeni ndani ya mlango wa nyuma. Kila sanduku liwe na rangi yake ya tepu, na rangi hiyo hiyo iwe kwenye sakafu linapokaa. Rangi ya sakafu ikionekana wazi, kuna kitu bado kiko uwanjani, na hamhitaji kuhesabu.

Halafu amueni nani anafunga mlango. Kwetu ni dogo anayeshika sauti, kwa kuwa yeye ndiye wa mwisho kukunja waya. Anasimama nyuma ya gari na kusoma picha kutoka juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia, akigusa kila sanduku. Mara mbili ametukuta tukiwa tumekwisha kuwasha injini, akarudi ndani na kutoka na maikrofoni mkononi.